Sitini na Moja ya Kukulia

Katika kiwanda kile cha dobi, kuzaliwa lilikuwa kosa lenye adhabu. Ndivyo wenyewe walivyotaniana. Wafanyakazi walitoka kila pembe, kila mmoja kaja na desturi ya kwao, na kwa kuwa hakuna aliyekubali ya kwake iachwe, ziliunganishwa zote. Siku yako ikifika, mchana wakati wa chakula, unakalishwa kwenye kiti cha msimamizi. Dereva wa gari la nguo anakupaka mafuta puani, maana kwao pua yenye mafuta haishikwi na balaa, balaa likija linateleza. Vijana wa mashine za kukaushia wanakumwagia ndoo ya maji, wakidai mwaka uliopita lazima uoshwe. Kisha anakuja Mama Sabuni, mkubwa wa sehemu ya kufulia, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa dawa za madoa. Anakushika sikio na kulivuta mara moja kwa kila mwaka ulioishi, ukumbi mzima ukihesabu kwa sauti. Akifika mwisho anaongeza moja.

"Na moja ya kukulia!" husema, kwa sababu kwao mtu asipoongezewa hiyo hudumaa. Hapo ndipo vigelegele vinapopigwa na keki kukatwa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukalia kile kiti. Huyo alikuwa mpiga pasi wa mashati, ambaye wote walimwita Kaka Pasi.

"Kwetu hatuna mambo ya kuzaliwa," aliwaambia walipomuuliza tarehe. "Sisi hatukuzaliwa. Tulijikuta tupo."

Wakacheka, wakamwacha. Mtu mwenye maneno huachwa upesi kuliko mnyamavu.

Ukweli ni kwamba Kaka Pasi hakuogopa maji wala mafuta. Aliogopa hesabu. Miaka minane nyuma, alipokuja kuomba kazi, tajiri wa zamani hakumtaka karatasi. Alimpa shati lenye kola ngumu, akamwambia apige. Alipomaliza, tajiri aliligeuza shati huku na huku, kisha akauliza, "Una miaka mingapi?" Kaka Pasi akajibu, "Arobaini na sita." Alikuwa na hamsini na miwili. Aliona uongo wenyewe ni mdogo, kama kupunguza urefu wa suruali: unakunja kidogo kwa ndani, unapiga pasi, nani ataona?

Lakini tajiri yule alikufa, kiwanda kikanunuliwa, na mwenye mali mpya, ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni, akaleta sheria zake. Mzee mmoja wa mashuka alikuwa ameungua mkono kwenye mashine ya kubania. Mashine ilikuwa mbovu na kila mtu alijua, ila ikasemwa ni uzee. Msimamizi akawakusanya, akawatangazia kwamba anayetimiza sitini atapumzishwa siku hiyohiyo. Kupumzishwa! Watu wakubwa hawakosi neno laini la kumtupia mtu nje vitu vyake.

Tangu hapo Kaka Pasi akaanza kutia nywele dawa nyeusi ya bei rahisi. Akapanda ngazi mbilimbili msimamizi alipokuwa karibu, na kupumzika kwenye kona alipokuwa mbali. Kijana akiteleza ulimi na kumwita mzee, anamjibu palepale, "Mzee ni baba yako." Nao humcheka, "Haya Kaka, ng'ombe hazeeki maini!" Naye akacheka nao, huku mgongo unamwaka moto.

Alikuwa na sababu. Sababu hiyo ilikuwa nyumbani, imekaa ukingoni mwa kitanda, imevaa viatu kushoto kulia.

Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Maisha yake yote ya kazi aliwafundisha watoto wadogo kujumlisha na kutoa, na mumewe, tangu siku za uchumba, hakumwita kwa jina jingine ila Mwalimu. Sasa Mwalimu alikuwa anafutika kidogokidogo. Alianza kwa kusahau sufuria jikoni, akaja kusahau jina la binti yao wa pekee, kisha akawa anamuulizia mama yake, aliyekwisha kuzikwa zamani. Asubuhi moja alitoka na nguo ya kulalia hadi barabara kuu, akasimamisha magari. Alisema watoto wanamngoja darasani. Tangu hapo Kaka Pasi alimwajiri mama mjane wa chumba cha jirani akae naye mchana kutwa. Karibu nusu ya mshahara ilikwenda kwa jirani, na hakuinung'unikia. Mshahara ukikatika, jirani ataondoka. Jirani akiondoka, Mwalimu atakwenda kituoni, kule wanakotunzwa waliopoteza kumbukumbu.

Binti yao, aliyeishi mji wa mbali pamoja na mumewe, ndiye aliyelileta hilo neno kwa simu. "Baba, mpeleke kituoni. Wana wauguzi, wana dawa. Utajiua." Kaka Pasi alikwenda kupaona. Palikuwa safi, hilo alikubali. Milango ilifungwa kwa nje. Kwenye ujia alimkuta mama mmoja mtu mzima ameshika kitasa, anamwomba kila apitaye amfungulie, maana ameacha mtoto mchanga nyumbani. Alirudi akamwambia binti yake kuwa nafasi zimejaa.

Kazini hakuna aliyejua. Akiulizwa habari za mke, alisema, "Yupo, presha tu inamsumbua." Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kaka Pasi alikuwa amekwisha kuzaa, kwa hiyo akaficha.

Na bado palikuwa na kitu kimoja ambacho ugonjwa haukukigusa. Namba. Mwalimu aliweza kusahau kama amekula, lakini jioni mumewe akiketi karibu yake na kumuuliza, "Saba mara nane?" alijibu hapohapo, "Hamsini na sita. Na wewe kaa vizuri, unapinda mgongo." Kumi na mbili mara tisa? Mia na nane. Uso wake ukakaa sawa, macho yakawa ya mtu anayejua alipo. Kupitia mlango huohuo wa namba alimkumbuka na mumewe: mwaka waliooana, nambari ya nyumba yao ya kwanza, tarehe aliyozaliwa. Kila siku Kaka Pasi aliporudi, moyo ulisimama kidogo mlangoni, hadi amsikie akisema, "Bwanangu, umerudi." Hakuna kingine alichokuwa anakifanyia kazi duniani.

Basi, Jumanne moja jirani alipiga simu kwamba Mwalimu ana homa. Siku hiyo mashati ya hoteli yalikuwa yamejaa hadi kwenye dari, na ruhusa haikupatikana. Mama Sabuni, aliyekuwa anamaliza zamu, akasema, "Nipe hiyo dawa nimpelekee shemeji yangu. Njia yangu ileile." Kaka Pasi alisita. Akatafuta sababu, hakuipata. Akampa.

Kesho yake Mama Sabuni alikuja anacheka. "Mkeo mcheshi! Kaniambia nimechelewa darasani, kanisimamisha pembeni. Nilicheka mpaka mbavu!" Mungu alisaidia: ilikuwa ni moja ya siku njema za Mwalimu, na mgeni alidhani ni utani. Kaka Pasi akashusha pumzi, akarudi kwenye pasi yake. Hakujua kwamba Mama Sabuni ameondoka pale na neno moja zaidi, na kwamba analipitisha mashine hadi mashine, akiwaonya watu wafunge midomo. Mwalimu alikuwa amemwambia, "Ijumaa mume wangu anazaliwa."

Alhamisi pakapita mchango wa keki. Wakamwambia ni ya kijana mmoja wa mashine za kukaushia. Kaka Pasi akatoa mchango wake, tena akaongeza. Ndivyo alivyojinunulia keki yake mwenyewe.

Ijumaa mchana alisukuma mlango wa ukumbi wa chakula, na watu wote wakalipuka kwa kelele. Kiti kilikuwa katikati. Msimamizi, kijana mwenye tai na roho isiyo mbaya, alisimama pembeni na sahani mkononi. Na mbele kabisa, katika gauni lake la kijani la sikukuu, alikuwa ameketi Mwalimu. Jirani alisimama nyuma yake, anatabasamu kama mtu aliyefanya jambo la maana. Walimfuata kwa gari la nguo. Walitaka kumfurahisha.

Kaka Pasi aliona kwanza mkunjo kwenye mkono wa gauni, mahali ambapo jirani hakupitisha pasi vizuri. Macho yake yaling'ang'ania hapo, maana kwingine kote yalikokwenda yalikuta hatari. Alicheka, kwa kuwa ndicho kilichotarajiwa, na kicheko kikamtoka kikavu.

"Ulitudanganya, Kaka!" Dereva alisema, akimpaka mafuta puani. "Kumbe na ninyi mnazaliwa!"

Ndoo ikaja. Maji yakamshukia kichwani, na pamoja na maji ikashuka ile dawa ya bei rahisi, michirizi myeusi shingoni, hadi kwenye shati jeupe. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Kaka Pasi anatoa rangi!"

"Huyo afuliwe peke yake, ataharibu wenzake!"

Hata yeye alicheka hapo. Moyoni alikuwa anapiga hesabu yake. Wakifika hamsini na nne, nitanyanyuka, nitaita keki, nitapiga kelele kuliko wote. Mama Sabuni akamshika sikio, akamgeukia msimamizi. "Miaka mingapi?"

"Kwenye daftari anasomeka hamsini na nne," msimamizi akasema.

"Moja!" Ukumbi ukaitikia. "Mbili! Tatu!" Sikio likavutwa. Kumi zikapita, ishirini zikapita. Kaka Pasi alimwangalia mkewe. Midomo yake ilikuwa inahesabu pamoja nao, kidole kinagonga goti kwa kila namba, na uso wake ulikuwa umekaa sawa kuliko alivyowahi kuuona kwa mwaka mzima. Alikuwa mzuri. Kaka Pasi aliona hivyo na akaogopa zaidi.

"Hamsini na tatu! Hamsini na nne!"

"Na moja ya ku..."

"Hapana," Mwalimu akasema.

Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ya darasani, ile isiyohitaji kelele, na watu wazima wakanyamaza nayo. Akasimama.

"Mwalimu, kaa, mke wangu," Kaka Pasi alisema. "Wamemaliza."

"Hawajamaliza. Nikae vipi watoto wanakosea?" Akamsogeza Mama Sabuni kwa upole, kama anayemwondoa mwanafunzi ubaoni, akamshika mumewe sikio kwa vidole viwili vikavu, vyepesi. "Hamsini na tano."

Wakadhani ni sehemu ya mchezo. Wakaitikia kwa mazoea, "Hamsini na sita! Hamsini na saba!" Kadiri namba zilivyopanda ndivyo sauti zilivyopungua, hadi sitini Mwalimu akaisema peke yake. Kisha akavuta tena, polepole, kama kubembeleza.

"Na moja ya kukulia," akasema. Alikuwa amejifunza hilo dakika hiyohiyo, na likamfurahisha. Akacheka.

Hakuna aliyecheka naye. Msimamizi aliweka sahani yake juu ya meza.

"Sitini?" akauliza. "Mama, una hakika?"

"Kijana, mimi nimepitwa mwaka mmoja na huyu. Nina hamsini na tisa. Ongeza moja, unapata ngapi?" Akamngoja ajibu. Kisha akasema, sasa kwa sauti ya chini kidogo, "Najua kuna vitu vinanitoka. Sijui leo nimekula nini. Nikiamka sijui mlango uko upande gani. Lakini hili ninalo. Bwanangu, waambie."

Msimamizi akamsogelea Kaka Pasi. Alijitahidi kunong'ona, ila ukumbi ulikuwa kimya mno.

"Kaka, mimi sitaki ubaya na wewe. Sheria si yangu. Lakini nimesikia, na hawa wote wamesikia." Akalegeza tai. "Labda mama hayuko sawa? Kama ni mgonjwa, kama anachanganya mambo, we sema tu. Nitaelewa. Tutakata keki, yaishe."

Alikuwa amemfungulia mlango, na kwa nia njema. Mama Sabuni ndipo alipoelewa. Akajiziba mdomo kwa mkono.

Kaka Pasi alimwangalia mkewe. Mwalimu alikuwa amesimama wima, kichwa kimeinamia upande kidogo, anangoja jibu ambalo alilijua. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Katika mambo yote yaliyomkimbia, huyu mwanamume hakuwahi kumkana. Kaka Pasi akaona ujia ule msafi wa kituoni, na kitasa, na mkono ulioshika kitasa, na safari hii mkono ulikuwa na gauni la kijani.

"Ni mgonjwa," akasema. "Akili imemruka. Anachanganya kila kitu, hata namba. Mimi nina hamsini na nne."

Mwalimu hakukasirika. Angekasirika, ingekuwa afadhali. Alimtazama mumewe, kisha akavitazama vidole vyake viwili vilivyoshika sikio, akavigeuza juu chini kama vyombo vilivyoharibika. Akakaa.

"Samahanini," akawaambia watu. "Samahanini, watoto. Nimekosea hesabu."

Watu wakapiga makofi mengi kuliko yaliyohitajika. Keki ikakatwa. Kila mtu alimpelekea Mwalimu kipande, na kila mtu alizungumza naye kwa sauti kubwa na polepole, kama wanavyozungumza na wagonjwa na watoto, watu walewale ambao muda mfupi uliopita walinyamaza kwa neno lake moja. Yeye akashukuru kila kipande. Hakula. Dereva akamrudisha nyumbani.

Jioni nzima Kaka Pasi alipiga pasi na hakuunguza hata shati moja. Alitamani aunguze. Mikono iliendelea na kazi yake kama kwamba mwenyewe hakufanya kitu. Mama Sabuni akaja akasimama upande wa pili wa meza, macho mekundu.

"Nilitaka kukufurahisha, Kaka."

"Najua."

"Ameanza lini?"

"Muda."

"Ungeniambia. Mimi si mtu wa kuniambia?" Akavuta kamasi. "Na kweli ni ngapi?"

Kaka Pasi akageuza kola, akaipitishia pasi, akaigeuza tena. Pembeni ya chumba msimamizi alikuwa anahesabu mifuko, na huenda alikuwa anasikia, na huenda hakuwa.

"Hamsini na nne," akasema.

Alipofika nyumbani, jirani alikuwa amekwisha kujifunga kanga ya kuondokea. "Tangu arudi hajasema neno," akasema. "Nimemuuliza chai, ananiuliza mimi kama anakunywa chai." Akatoka bila kumwangalia usoni.

Mwalimu alikuwa ukingoni mwa kitanda, bado na gauni la kijani. Viatu alikuwa amevivua, amevipanga mbele yake, na alikuwa hajui avifanye nini. Kaka Pasi alisimama mlangoni akingoja. Kisha akaingia, akaketi karibu yake.

"Saba mara nane?" akauliza.

Mwalimu akafikiri. Alifikiri muda mrefu, paji la uso limekunjamana.

"Nilikuwa najua," akasema. "Lakini afadhali umuulize mwingine. Mimi nakosea."

"Hukosei."

"Nakosea. Wamesema."

Kaka Pasi akateremka sakafuni, akapiga magoti mbele yake juu ya vile viatu, akamshika mikono yote miwili. Alilia, na hakujificha, maana wa kumficha alikuwa nani tena. "Mwalimu, nisikilize. Hukukosea. Ulikuwa sahihi peke yako ukumbi mzima. Nina sitini. Mimi ndiye mwongo. Niliwadanganya kwa ajili ya kazi, ili wasikuchukue, ili ubaki hapa na mimi. Umesikia? Nina miaka sitini, leo."

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akimsikiliza mtoto aliyekuja kuungama kosa. Akaziangalia nywele zake, ambazo maji yalikuwa yameziacha nusu nyeusi, nusu nyeupe.

"Una sitini?" akauliza.

"Nina sitini."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akaitoa mikono yake taratibu kutoka mikononi mwake.

"Basi umekosea nyumba, baba," akasema. "Mume wangu ana hamsini na nne. Amesema mwenyewe, mbele za watu."

Kisha, kwa adabu, kama mtu anavyomwomba mgeni asiyejulikana, akamwomba akae karibu na mlango, ili mumewe akija apate wa kumfungulia.